Mwaka Niliokuwa Mama Dama

Tulimzika Bi Mwanakombo kwao Shika Adabu, Likoni, siku ya jua kali. Tuliporudi kutoka makaburini nilikaa na wanaume kwenye mkeka uani kwa kaka zake, sahani ya wali mbele yangu, nikawa naitazama tu. Upande wa wanawake, nyuma ya ua wa makuti, binti mmoja wa marehemu alikuwa amezidiwa na kilio. Nikasikia sauti ya mwanamke ikisema, bila haraka, "Mkalisheni kwanza. Maji mpeni kidogo kidogo, msimmiminie." Sauti ile niliijua kuliko ninavyozijua sauti za dada zangu, na mwenyewe sikuwa nimemtia machoni hata mara moja. Watu walipoanza kutawanyika nilimngoja karibu na mlango. Akatoka mama wa makamo, mfupi, ana miwani, buibui lake limepauka mabegani. Nikamwamkia, kisha nikamwambia, "Mwalimu Saida, mimi ndiye Mama Dama." Alinitazama kutoka viatuni mpaka kwenye ndevu, akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio asije akacheka msibani. Halafu macho yakamlengalenga, akaniuliza lile alilokuwa akiuliza siku zote: mtoto anakula? Nikamwambia Dama sasa ni msichana mkubwa, karibu anifikie begani, na kwamba sufuria huwa haipoi mikononi mwake. Akasema alhamdulillahi. Tukaagana hapo hapo, maana kulikuwa na watu na msiba ni msiba. Lakini nilivyokuwa nikirudi Chaani jioni ile, nilikuwa nimerudi kwenye mwaka ambao sijapata kumsimulia mtu tangu mwanzo hadi mwisho.

Ni mwaka ambao Kadzo, mke wangu, alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Dama alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Kabla ya safari, Kadzo alikuwa amejiandikisha kliniki kwenye darasa la lishe la wazazi wenye watoto wadogo, darasa lililosomeshwa kwa simu: kundi la akina mama wa Likoni, Kisauni na Changamwe, mwalimu mmoja, ujumbe wa sauti na video fupi fupi, bure kwa asiye na uwezo. Simu na laini aliniachia mimi, kwa kuwa huko alikokwenda aliambiwa atapewa nyingine. Darasani jina lake lilikuwa Mama Dama, na picha yake ilikuwa palepale, amejifunga leso kichwani, anacheka. "Usitoke humo," aliniambia akifunga begi. "Wewe sikiliza, hata kama hutasema kitu." Nikamwahidi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kibarua katika yadi ya makontena, na nilidhani kazi kubwa iliyokuwa mbele yangu ni kumpumbaza mtoto asimlilie mama yake.

Tuliishi hapo Chaani, chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, vyumba vimetazamana, ukumbi mrefu katikati, na nyuma uani kuna bomba, choo na kamba za nguo. Malori ya makontena yalipopita barabarani, vikombe viligongana mezani, na Dama alizoea kulala na mlio ule hata ukikosekana akaamka. Mlango wa mkabala ulikuwa wa Bi Mwanakombo, mjane wa watu wa Likoni, mpishi wa mahamri. Kila alfajiri ukumbi ulijaa harufu ya iliki na mafuta. Nilimpelekea Dama bado ana usingizi, nikambishia hodi, nikampa shikamoo yake, naye akamchukua mtoto kifuani huku mkono mmoja una unga. Hakutaka niseme habari ya kumlipa. Alisema nyumba isiyo na mtoto inanuka. Asubuhi alimpa hamri lililovunjwa ndani ya chai, mchana wali na mchuzi, minofu ya samaki akiiondoa yote kwa kuogopa miba, alasiri chai tena na sukari nyingi, kwa kuwa mtoto aliipenda. Niliporudi nilimkuta ameogeshwa, amepakwa poda shingoni, anabembea kwenye mguu wa bibi yake. Ni mzazi gani angelalamika?

Jioni, nikisonga sima, nilitia waya wa simu sikioni nikasikiliza darasa. Mwalimu Saida alizungumza kama mtu aliyekaa nawe jikoni. Alisema tumbo la mtoto ni kama ngumi yake, mkilijaza maji ya uji hakuna pahali pa chakula. Alisema chai si chakula. Alisema mtoto apate kila siku kitu cha kunde au maharage, au dagaa, au yai, hata kama ni kidogo, na mboga, na kitu cha kumtia nguvu. Akina mama walimjibu kwa sauti zao, nyuma yao kuku wanawika, televisheni zinapiga kelele, watoto wanalia. Mmoja wa Kisauni alieleza matiti yake yanavyomuuma. Mwingine wa Kiembeni alisema mumewe hula samaki mzima, mtoto akabaki na mfupa wa kunyonya. Nilisikiliza uso umeniwaka, kama mtu aliyesimama nyuma ya ukuta wa watu wanaooga. Niliogopa nikifungua mdomo watanijua kuwa ni mwanamume, wanitoe, na ahadi yangu kwa Kadzo iishie hapo. Kwa hiyo niliandika tu: Sawa mwalimu. Ahsante mwalimu. Na yale niliyojifunza yalibaki sikioni. Ningeanzia wapi kumwambia mwanamke aliyelea watoto wake wote wakawa watu wazima kwamba chai si chakula?

Miezi ya kwanza Kadzo alipiga simu kila Ijumaa, kwa dakika chache, haraka haraka, akinong'ona. Kisha Ijumaa moja hakupiga. Nayo iliyofuata hakupiga. Nilikwenda kwenye ofisi ya wakala aliyempeleka, nikaambiwa ningoje, waajiri wa huko wana taratibu zao. Nilipokwenda mara ya pili nilikuta mlango una kufuli na watu wengine wamesimama nje kama mimi, kila mmoja ana picha ya binti au dada kwenye simu. Tulitazamana tukaogopa kuulizana. Tangu siku ile simu yoyote ikilia moyo wangu ulishuka. Nikiwa juu ya kontena niliiweka kwenye mfuko wa shati, karibu na mwili, nisije nikaikosa. Hata leo, mtu mzima na kazi yangu, simu ya namba nisiyoijua hunikausha mate.

Wakati huohuo meli zilipungua na yadi ikapunguza vibarua. Siku niliyochaguliwa getini tulikula sima na mboga. Siku niliyokosa tulikunywa turungi, chai kavu isiyo na maziwa, mimi na mwanangu, tukalala. Dama akaanza kubadilika, lakini alibadilika kwa namna iliyotudanganya. Mashavu yalijaa. Miguu ikawa minene, imeng'aa. Uani wanawake walimfinya shavu wakamsifu, na Bi Mwanakombo akatembea naye kwa fahari. Mimi nami nilijipongeza. Lakini kulikuwa na mambo niliyoyaona nikayafumbia macho. Nywele zake ziligeuka rangi, zikawa kama za mtoto wa pwani aliyeshinda kwenye maji ya chumvi, na nilipozichana zilitoka na kitana. Aliacha kukimbia. Alikaa mlangoni kutwa, hataki kushikwa, hacheki, ukimpa kitu anakisukuma. Bi Mwanakombo alisema ni huzuni ya mama. Nikamsadiki, maana huzuni hiyo nami nilikuwa nayo.

Siku moja nilirudi mapema baada ya kukosa kazi. Nilikuwa chumbani nimejilaza, na dirisha langu lilitazama uani. Wanawake wawili walikuwa wakifua bombani. Mmoja, wa kwetu Kaloleni, alisema kwa sauti ya chini kwamba mtoto yule hajanona, mtoto yule ana chirwa. Kwetu chirwa ni ugonjwa wa mtoto ambaye baba au mama yake ametoka nje ya ndoa. Mtoto huvimba au hukonda kwa dhambi ya mzazi. Mwenzake akauliza ni yupi kati yao. Yule wa kwanza akasuuza nguo, akasema, "Aliye mbali ndiye anayejua." Sikuamini, tena niliamini. Mtu akiogopa sana huweza kubeba mambo mawili yanayopingana, yote yakamla. Nilimfikiria Kadzo katika nyumba nisiyoijua, nikawaza wanaume nisiowajua, nikajichukia kwa kuwaza. Na mle mle katika kujichukia nikamtazama Dama amelala, pumzi zake fupi, nikaogopa kumgusa.

Jumapili iliyofuata, mchana baada ya ibada, somo likaingia. Mwalimu Saida alisema leo hatapika, leo atatuonyesha kitu kimoja tu, na kila mama amshike mwanawe. Katika video kulikuwa na mkono wa mtu mzima na mguu wa mtoto. Dole gumba likabonyeza juu ya mguu, karibu na vidole, likatulia kidogo, likaondoka. Mguu ulirudi ulivyokuwa. "Ukibonyeza pakabaki shimo," alisema, "huo si unene. Hayo ni maji. Mtoto huyo ana njaa ya chakula cha kujenga mwili, na ni mgonjwa sana hata akiwa na mashavu." Dama alikuwa kitandani. Nilikaa chini nikashika mguu wake. Nakumbuka alikuwa na soksi ya waridi iliyokuwa imemkaza, na nilipoivua mistari ya soksi ilibaki imechorwa kwenye ngozi. Nikabonyeza. Nikaondoa kidole. Shimo likabaki. Nikangoja lijae, nikangoja, likabaki. Nikabonyeza mguu wa pili, na huko vilevile. Nilisikia tu sufuria zikigongana mezani, lori likipita, na nikajua kwamba mwanangu anakufa mbele yangu huku watu wanamsifu.

Ningeweza kuandika, lakini herufi zikawa hazishikiki. Nikabonyeza kitufe cha sauti nikasema, kwa sauti yangu hii nzito, "Mwalimu, shimo limebaki. Miguu yote miwili. Mimi ni baba yake. Mama yake hayupo. Nifanyeje?" Nikaachia. Kisha ikaja sauti ya yule mama wa Kisauni, akasema subhanallah, kumbe ni mwanamume, siku zote hizi. Mwingine akaanza kusema kitu, akafuta. Nilishika simu nikingoja kutolewa. Ndipo akaingia Mwalimu Saida. "Baba Dama, nimekusikia. Usimpe dawa yoyote, wala usikubali apelekwe kokote kwingine. Mfunike asipate baridi, umpeleke hospitali sasa hivi. Usingoje kesho. Ukifika waambie ulivyoona, waonyeshe mguu." Ni mara ya kwanza mtu kuniita Baba Dama ndani ya darasa lile.

Nilitoka na mtoto nimemfunika leso ya Kadzo, nikakutana na Bi Mwanakombo ukumbini. Nikamweleza. Akakasirika. "Mtoto amenona huyu, wamtakia nini?" Nikafunua mguu. Akauinamia, akabonyeza mwenyewe kwa dole gumba lake lenye unga. Akatazama shimo lile. Halafu akaingia chumbani kwake akatoka amevaa buibui ndani nje, hajui, akafunga mlango akaacha unga umeumuka kwenye sinia. Tukaondoka pamoja.

Hospitalini walimlaza papo hapo. Wodi ile ilikuwa ya watoto na mama zao. Mwanamume hakuruhusiwa kubaki jua likizama. Bi Mwanakombo alisema yeye ni bibi yake na atakaa. Akakaa. Alilala kwenye kiti, baadaye sakafuni chini ya kitanda, mwanamke mwenye magoti mabovu. Walimpa Dama maziwa ya dawa kwa kikombe kidogo, kidogo sana, mchana na usiku, na yeye ndiye aliyemnywesha, kijiko kwa kijiko, akimwimbia chini chini. Mimi nilikuja kila jioni kutoka getini, nikiogopa ule mlango wa wodi. Kabla ya kuusukuma nilisimama nikasikiliza kama sauti ya Dama imo. Kitanda cha jirani yetu kilikuwa kitupu jioni moja, godoro limekunjwa, na hakuna aliyetaja jina la mtoto aliyekuwa hapo.

Jioni hiyohiyo Bi Mwanakombo aliniambia, bila kunitazama, "Mwanangu, mimi nilimpa kwa mapenzi. Wangu wote nimewalea hivi hivi." Nilimwambia najua, mama. Nilijua kweli, ila sikujua kwa nini wake walikua na wangu akavimba, na nilimwona akijiuliza hilohilo na kuumia. Nimelielewa baadaye, nikiwa mtu mzima. Watoto wake walikulia Shika Adabu, kwenye ua wenye minazi na kuku, wajomba zao wakileta samaki. Kule chai na hamri vilikuwa juu ya chakula. Chaani chai ndiyo ilikuwa chakula chenyewe. Mkono ulikuwa uleule, na mapenzi yaleyale, ila sahani ilikuwa nyingine.

Kisha maji yakaanza kumtoka, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Mashavu yalianguka. Mbavu zikatoka, mikono ikawa vijiti, uso ukawa wa kizee. Niliyemleta alikuwa mnene, huyu sikumjua. Mama yangu alituma mtu kutoka Kaloleni kusema mtoto atolewe hospitali apelekwe kwa mganga wa chirwa kabla hajamalizika, na siku hiyo nilikuwa karibu kukubali. Nilikwenda nje nikamtumia mwalimu ujumbe wa sauti. Alinijibu kwamba huko kukonda ndiko anakotaka kukuona, kwamba yale mashavu yalikuwa ugonjwa, na sasa ndiyo tunamwona mtoto mwenyewe, ndipo ataanza kujengeka. Baada yake wakaingia akina mama mmoja mmoja. Yule wa Kisauni alisema, "Baba Dama, sote twamwombea. Usimtoe." Nikamrudisha mjumbe Kaloleni.

Nilikuwa bado nimeshika simu ilipoita. Namba ndefu, ya nje, tena simu ya video, ya kuonana. Nikaipokea, nikamwona Kadzo. Alikuwa mahali penye giza, nadhani stoo, na simu ilikuwa ya mfanyakazi mwenzake, yake walimnyang'anya. Alinong'ona hana wakati, anataka kumwona mtoto tu. Nilisimama na simu mbele ya uso. Ningeweza kusema amelala. Lakini ni yeye aliyeniacha kwenye darasa lile nisikilize, na nikaona siwezi kumficha nilichokisikia humo. Nikamwambia Dama amelazwa, anaanza kupona, na sura yake imebadilika sana, ajikaze. Nikasukuma mlango wa wodi nikageuza simu. Bi Mwanakombo alikuwa amempakata, kikombe mkononi. Kadzo hakulia. Alitazama kwa muda mrefu mno. Mwisho akauliza, "Yuko hai?" Nikasema yuko hai, tazama anameza. Akasema, "Mwambieni mama yake anakuja." Simu ikakatika.

Dama alitoka wodini akitembea mwenyewe, ameshika kidole cha Bi Mwanakombo. Tuliporudi Chaani darasa lilihamia ukumbini. Niliiweka simu juu ya kigoda, sauti wazi, na bibi akakaa na mbuzi yake ya kukunia nazi akimjibu mwalimu kama yuko mbele yake, mara anakubali, mara anabisha kwamba huyu mwalimu nazi haijui, nami nikimtumia mwalimu majibu hayo mpaka wakajuana kwa sauti. Tulikaanga dagaa wakavu, tukawatwanga wakawa unga, tukautia kwenye uji na kwenye mchicha. Yule mwanamke wa Kaloleni aliyesema bombani akaja siku moja na mwanawe, akakaa karibu asikilize, wala hatukutaja neno chirwa. Lakini hofu haikutoka nyumbani kwangu kwa kuwa mtoto ameongezeka uzito. Kila alipoacha tonge nilihisi baridi. Na Kadzo hakupiga tena.

Alikuja mwaka ukielekea mwisho, bila taarifa ila saa ya ndege kufika. Nilimkuta uwanjani amesimama na mfuko wa plastiki, hana begi. Mkono wake ulikuwa na kovu la moto kutoka kwenye kifundo mpaka kiwiko. Sikumuuliza, naye hakueleza siku ile. Alikuwa amekonda hata nguo zilimning'inia. Nyumbani Dama alimtazama, akajificha nyuma ya Bi Mwanakombo, akauliza huyu anti ni nani. Niliona maneno hayo yakimwingia Kadzo. Hakumfuata, hakumvuta. Alikaa mkekani. Bi Mwanakombo akapakua wali, mbaazi za nazi na mchicha, akatuwekea mbele. Sote tukala isipokuwa Kadzo. Alishika tonge, akalitazama, akalirudisha. Alisema tumbo limesahau. Nikaogopa tena hofu ileile, nikawaza nimeokoa mmoja na sasa nitampoteza wa pili, na kwa huyu hakuna darasa. Dama alikuwa anamchungulia. Kisha akatoka nyuma ya bibi yake, bakuli lake mkononi, akaenda akachuchumaa mbele ya mama yake kama alivyokuwa akichuchumaliwa yeye. Akachota mbaazi kwenye kijiko, kidogo tu, akakipeleka kwenye mdomo wake. "Kula, anti," alisema. "Polepole."

Kadzo akafungua mdomo.